Steringi Akifa

Wiki niliyoaga kazi, wenzangu wa studio walinivisha kitenge, wakanilisha keki kama bibi harusi, wakanitaka niseme machache. Nikasema machache. Baadaye Neema, binti anayekalia kiti changu sasa, akanisogelea na sahani yake mkononi. Alikuwa anatia sauti ya Kiswahili kwenye filamu ya hawa mashujaa wanaoruka angani, na shujaa mkuu alikuwa anakufa. Yeye ndiye aliyepaswa kukisema kifo hicho.

"Mama Doka," akaniuliza, "enzi zenu steringi akifa mlikuwa mnafanyaje?"

Nikacheka, nikamwambia enzi zetu steringi hakuwa anakufa. Usiku wake nikajiona nimemjibu kihuni. Swali lake lilistahili jibu refu kuliko kipande cha keki, kwa hiyo naliandika hapa, kwa ajili yake na ninyi wengine mnaokuja nyuma yetu. Mishahara sitaizungumzia, nayo haikuwa na mengi ya kusema. Vyeo vilikuwa viwili tu: anayesema na anayekata tiketi.

Nilianzia kwenye gari la sinema la serikali. Lilikuwa Landrova ya kijivu yenye spika mbili juu ya paa, na lilizunguka vijiji vya uwanda wetu likionyesha filamu za kuchimba choo, kuchemsha maji na kuogesha ng'ombe kwenye josho. Filamu zilisema Kiswahili, na vijijini wazee wengi wakati ule Kiswahili walikisikia kwa mbali. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kusema yale yale kwa Kigogo. Siku yangu ya kwanza nilisema filamu nzima, kwa ufasaha mkubwa, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Wagogo ni watu wa adabu.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Dodoma yakajaa sabuni, redio na mitumba, na ofisi zikaanza kupungua watu. Gari letu likaegeshwa kwenye uwanja wa idara mpaka magurudumu yakaisha upepo, nasi tukaambiwa tumepunguzwa. Neno zuri, kupunguzwa. Unaweza kudhani ni nywele.

Aliyeniokota ni Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa mfanyabiashara wa alizeti kabla ya kununua televisheni, deki ya video na jenereta. Alikuwa amejenga banda la video kule Nkuhungu, pembeni mwa mji: tofali za udongo, bati, mabenchi ya mbao, na madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Alikuja nyumbani kwetu kunitafuta. Akasema aliwahi kunisikia nikisimulia filamu ya majosho. "Sina ng'ombe hata mmoja," akaniambia, "lakini nilisimama mpaka ukamaliza." Mpaka leo sijapata sifa iliyonifaa kuliko hiyo. Mungu amrehemu, amelala kwao Kondoa, na kila nilichokijua katika kazi hii kina alama ya kidole chake.

Siku ya kwanza bandani nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, nikapunguza sauti ya filamu, nikaanza. Sijafika mbali mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Tunataka sauti ya mwanaume!" Alikuwa Sauli, mpagazi wa sokoni, mtu wa kifua kipana ambaye baadaye nitamtaja tena. Banda likacheka. Mzee Idi akachungulia mlangoni.

"Sauti ya mwanaume ipo huku nje inakata tiketi," akasema. "Anayeitaka aje akae nami juani."

Hakwenda mtu. Lakini mimi niliingiwa na woga, nikaanza kulazimisha sauti nzito kila steringi alipofungua kinywa, mpaka koo likaniuma. Filamu ilipokwisha Mzee Idi akaniita.

"Doka mwanangu, bibi yako alipokuhadithia habari za fisi, aligeuka fisi?"

"Hapana, mzee."

"Na ulimwona fisi?"

"Nilimwona."

"Basi. Wewe simulia, fisi atakuja mwenyewe."

Alinifundisha na mengine. Vumbi la Dodoma ni adui wa deki kuliko mwizi, kwa hiyo kila asubuhi tulifungua mfuniko na kusafisha kichwa chake kwa kitambaa laini chenye spiriti. Kanda ikilegea, unachomeka kalamu kwenye tundu lake na kuizungusha taratibu, bila hasira. Na kubwa kuliko yote, usisimulie kanda usiyoipitia. Kila kanda mpya tuliitazama sisi wawili asubuhi, mlango umefungwa, yeye na kikombe chake cha kahawa na mimi nikijiuliza Kiingereza changu cha shule kitafika wapi. Hakikufika mbali sana. Nilijifunza kuangalia macho ya watu kwenye kioo, kwa sababu macho yana Kiswahili chake.

Sasa nije kwenye steringi. Ninyi mnamwita mhusika mkuu. Sisi kwetu steringi alikuwa yule anayepigwa mwanzo, anayekimbizwa katikati na kushinda mwisho, na sheria ya kwanza ya banda lolote ilikuwa kwamba hafi. Wateja wetu walikuwa wapagazi, wanafunzi, mafundi baiskeli, na makarani waliotoroka ofisini saa za kazi. Wote walikuwa na mabosi, na wote walikuja kumwona mtu asiyeshindwa. Ikitokea kanda ambayo steringi anapigwa risasi mwisho, Mzee Idi alikuwa na dawa. "Sema amezimia," aliniambia. "Sema anapelekwa hospitali." Madaktari wa Mzee Idi walikuwa hodari, hawakupoteza mgonjwa hata mmoja.

Ndipo ikaja ile ya Mwenye Shuka. Hilo si jina lake. Jina lake lilikuwa la kizungu na halikushika. Alikuwa mtu wa kuruka angani, mwenye nguvu za kusukuma treni, na mgongoni alivaa joho jekundu lililopepea. Siku ya kwanza mchungaji mmoja aliyeleta mbuzi mjini akasema kwa sauti, "Huyu ni wa kwetu, amevaa shuka!" Likawa jina. Kanda zake zilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, moja baada ya nyingine, na kila ilipofika mpya, watu walisimama mpaka kwenye magunia. Alikuwa na mama yake pia, mjane anayeishi kijijini peke yake kwenye nyumba ya mbao, na kila kanda alikwenda kumsalimia. Watu walimpenda kwa hilo. Anaweza kubeba mlima, lakini anapita kwa mama.

Kanda ya tatu tuliipitia asubuhi kama kawaida. Mwishoni, jengo kubwa linaanguka, watu wamo ndani. Mwenye Shuka analishika kwa mabega, watu wanatoka, wa mwisho anatoka, na jengo linamshukia. Wanafukua kifusi. Wanapata shuka, yeye hayumo. Kisha mvua, makaburi, miavuli myeusi, jeneza lisilo na mtu, na mama yake amesimama na kofia yake iliyolowa. Halafu majina ya waigizaji yanapanda.

Mzee Idi akaweka kikombe chini.

"Amezimia," akasema.

"Mzee, wamemzika."

"Wamemzika akiwa amezimia."

"Watu wataona jeneza. Wataona mama yake."

Akafikiri sana. "Basi sema ukweli," akasema. "Lakini kigoda chako kisogeze karibu na mlango."

Nikasema ukweli. Nilisema jengo limemlalia, nilisema wamemtafuta hawakumpata, nilisema amekufa. Nikaisikia jenereta nje ikikohoa. Majina yalipoanza kupanda Sauli akasimama, na benchi zima likainuka naye.

"Rudisha!"

"Imekwisha, kaka."

"Nimesema rudisha nyuma! Hatutoki hapa steringi amekufa!"

Wengine wakaanza kugonga mabenchi. Mzee Idi aliingia, akatazama sura zile, akaniambia kwa upole, "Rudisha, mwanangu." Nikabonyeza kitufe cha kurudisha huku picha ikionekana. Mbele ya macho yetu kaburi likafunguka. Mvua ikapanda juu. Jeneza likarudi garini, watu wakaenda kinyumenyume, vumbi likakusanyika, mawe yakaruka kurudi mahali pake, na jengo zima likasimama. Na chini yake akatoka Mwenye Shuka, mzima, shuka lake linapepea kuelekea upande usio wake.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walikumbatiana. Sauli alitoka nje akifuta macho kwa kofia yake, akatuambia sote kwamba ni vumbi. Kuanzia siku hiyo kanda ya tatu tuliionyesha hivyo hivyo: tunamuua, tunamzika, tunamrudisha. Wengine walikuja kwa ajili ya kurudishwa tu.

Siku za mnada tulifunga safari. Televisheni tuliivisha blanketi kama mgonjwa, tukapanda nayo treni hadi Gulwe, kwenye kile kijiji cha stesheni upande wa Mpwapwa, ambako mkuu wa ghala moja la mazao alitukodisha ghala lilipokuwa tupu. Tukifunga milango ya bati, kunakuwa giza adhuhuri. Pale nilisema Kiswahili na Kigogo kwa zamu, na wafugaji waliokwisha kuuza waliingia na fimbo zao.

Siku tuliyopeleka kanda ya tatu, benchi la mbele alikaa mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga nyeusi, pembeni yake binti mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nilimwona kwa sababu hakucheka mahali pa kucheka. Kifo kikafika, majina yakapanda. Nikarudisha nyuma kama ilivyokuwa desturi yetu, jengo likasimama, ghala zima likalipuka kwa shangwe. Yule mama akainuka, akamshika binti mkono, wakatoka.

Nilimwuliza mkuu wa ghala ni nani. Akaniambia ni Mama Yeremia. Mwanawe alikuwa kwenye gengi la vijana wa kutengeneza njia ya reli. Masika yaliyopita maji yalishuka ghafla korongoni, wenzake walikuwa ng'ambo na vifaa, akawavusha mmoja mmoja kwa kamba, na alipokuwa anarudia vifaa maji yakamchukua. Walimtafuta kwenye mchanga mpaka wakachoka. Hawakumpata. Mchungaji alifanya ibada, ndugu wakakaa msiba, lakini siku ya kuanua matanga ilipofika mama alikataa. Akasema haanui matanga ya mtu ambaye hajamwona. Kila jioni alimwekea mwanawe chakula kwenye sahani, akaifunika. Na yule binti, Esta, mjane wa Yeremia, alikaa naye pale. Kwa mila za ukoo ule hakuweza kurudi kwao wala kuanza maisha mengine kabla ya matanga kwisha.

Tuliporudi ndani ya treni nilimsimulia Mzee Idi. Tulipokaribia Dodoma akaniinamia. "Ile ya kurudisha," akasema, "Gulwe tuiache."

Miezi ikapita, kanda ya nne ikafika. Mwenye Shuka hakufa. Ilisemekana alitupwa mbali na jengo, akalala chini ya barafu akipona, na sasa amerudi kwa nguvu zaidi. Nilidhani Nkuhungu itacheza ngoma. Walifurahi, ndiyo, walipiga makofi alipotokea. Lakini baada ya filamu Sauli alibaki amekaa.

"Dada Doka, kwa hiyo tulimlilia bure?"

"Si ulitaka arudi?"

"Nilitaka nimrudishe mimi," akasema. "Hawa wenye filamu walikuwa wanajua tangu mwanzo." Akaondoka amenuna kama mtu aliyetapeliwa na ndugu. Ilinichukua muda kumwelewa. Kule kurudisha kwetu kila mtu alijua ni mchezo wetu. Hawa walimchukulia machozi yake, kisha wakamwambia hayakuwa na kazi.

Ilikuwa asubuhi, jenereta inaunguruma, ninapitia kanda nyingine peke yangu, niliposikia hodi.

"Mbukwa," sauti ikasema.

Nikaijibu salamu hiyo ya Kigogo, mbukwa, nikafungua. Alikuwa Mama Yeremia, na kanga yake ile ile, ana vumbi la safari. Alikuwa ameshuka treni na kuuliza njia mpaka Nkuhungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesema?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kumwona yule aliyerudi."

Mzee Idi alikuwa nyuma yake, mikono ina mafuta ya jenereta. Alilisikia neno hilo, akainamisha uso. Kisha akasema, "Mkaribishe mama wa watu akae," akaenda kutafuta chai. Nikabaki naye. Niliogopa kuliko siku ile ya mabenchi. Nilijua anachotaka, au nilidhani najua: mwili wa Mwenye Shuka haukuonekana, akarudi, mwili wa Yeremia haukuonekana. Vijana wa gengi walikuwa wamekuja mjini, wameiona kanda ya nne, wamekwenda kumsimulia.

Nikamshika mkono. "Mama," nikamwambia kwa Kigogo, "hii ni michezo. Yule ni mwigizaji. Hakufa na hakurudi. Wanaotengeneza hizi picha wakiona watu wanampenda mtu, wanamrudisha ili waje tena kumtazama. Huku kwetu haiko hivyo. Nisamehe, siwezi kukudanganya."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nimezaa, nimezika. Picha naijua ni picha. Sikuja kuuliza kama Yeremia atarudi."

"Umekuja kuuliza nini, mama?"

"Wale vijana walisema alikwenda mpaka kwa mama yake, akasimama mlangoni. Nikawauliza, mama yake alimwambiaje? Hawakumbuki. Wanakumbuka alivyoruka tu. Nimekuja kusikia alimwambiaje."

Na mimi sikujua. Pale mahali watu wote walikuwa wakipiga makelele, nami kila siku nilisema tu, "Wakakumbatiana," nikaendelea. Nikaweka kanda ya nne. Nikaipeleka mpaka kwenye ile nyumba ya mbao, nikaongeza sauti, nikasogeza sikio kwenye spika. Mlango unafunguliwa. Mama amesimama na aproni. Anamtazama mwanawe muda mrefu. Anasema maneno machache sana. Nikarudisha, nikasikiliza tena nisije nikakosea.

"Anasema: 'Umechelewa. Chakula kimepoa.'"

Mama Yeremia akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akaziba mdomo kwa kanga.

"Hakumuuliza alikuwa wapi?"

"Hakumuuliza."

"Mimi ningemuuliza." Akakunja pindo la kanga. "Ningemgombeza kwanza, maana nilimwambia yale maji siyo ya kuchezea. Halafu ningempa kile kile kilichopoa, ale."

Akalia. Nikazima sauti ya filamu, nikakaa karibu naye. Mzee Idi alikuja na chai, akaiweka mlangoni, akarudi kukaa nje. Alipomaliza kulia akaniomba jambo jingine: nimrudishe kule walikomzika Mwenye Shuka. Nikabadilisha kanda. Tukaiona mvua, miavuli, yule mama na kofia yake iliyolowa. Majina yakaanza kupanda, akaniambia nisimamishe.

"Huyu mama, kutoka hapa walimpeleka wapi?"

"Sijui, mama. Picha inaishia hapa."

"Nani alilala naye? Nani alimchotea maji?"

"Hawaonyeshi."

"Hawaonyeshi," akarudia. Hakuwa na hasira. "Wanaonyesha anavyokufa. Wanaonyesha anavyorudi. Hapo katikati ndipo ninapokaa mimi."

Tulimsindikiza stesheni, mimi na Mzee Idi. Njiani Mzee Idi alimpa pole za mwanawe, naye akamwuliza habari za Kondoa na kama mvua ilinyesha. Treni ilipoingia akanigeukia.

"Nikifika nitawaambia waanue matanga. Esta ni kijana, anastahili kwenda."

"Mama, kwa nini sasa?"

"Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa nangoja aje niyaseme. Nimeshayasema pale kwako."

Tuliporudi bandani, Mzee Idi aliosha vikombe mwenyewe. Kisha akaniambia kwamba madaktari wake wamestaafu. Hatukusema tena amezimia. Kurudisha nyuma tuliwaachia wale walioomba, kwa kucheka, kama mchezo. Lakini steringi alipokufa, majina yakianza kupanda, mimi sikuzima kipaza sauti. Niliendelea kidogo. Nilisema habari za waliobaki: mke alirudi nyumbani, jirani alimletea unga, mtoto aliuliza hivi, akajibiwa vile. Nilizitunga mwenyewe, na tangu hapo huo ndio uongo wa pekee niliouongeza kwenye filamu za watu. Nilitegemea watu watatoka. Walikaa. Sauli, ambaye hakupenda kuondoka na steringi aliyekufa, alianza kubaki mpaka mwisho, na siku moja akanisahihisha kwamba jirani haleti unga mtupu, analeta na kuni.

Hiyo ndiyo kazi, Neema. Wakubwa wa hizi filamu watamuua mtu wao leo na kumfufua mwakani. Hilo ni lao. Wewe una watu wamekaa mbele yako, na kila mmoja ana kaburi lake au hana hata kaburi. Ukisema amekufa, sema kwa heshima. Akirudi, usiwacheke waliolia. Mimi nafunga kazi na shukrani tele kwa Mzee Idi aliyenisikiliza bila ng'ombe, kwa Sauli na kelele zake, na kwa mama mmoja wa Gulwe. Huyo namshukuru zaidi kwa siku nyingine, ambayo sijaisema.

Ilikuwa mnada wa kiangazi. Ghala limejaa, filamu ni ya shujaa mwingine, mwenye kinyago usoni, na mwishoni anakufa akimkinga mtu. Mama Yeremia alikuwa amekaa benchi la mbele. Kanga nyeusi ilikuwa imeondoka. Alivaa ya manjano. Alinisalimia alipoingia na kuniambia Esta amekwenda kwao salama, na kwamba yeye mwenyewe alimpelekea mbegu za karanga. Basi shujaa akafa, majina yakaanza kupanda, nami nikaendelea kama nilivyozoea.

"Jioni ile," nikasema, "mama yake alirudi nyumbani, akakaa peke yake gizani akilia..."

"Sio hivyo, mwanangu."

Ghala likageuka kumtazama. Hakuona haya.

"Siku ya kwanza hakai peke yake," akasema. "Wewe hujafiwa na mtoto."

Mzee Idi alikuwa amesimama penye mlango wa bati. Tukatazamana. Nikainuka kwenye kigoda, nikampa mama yule kipaza sauti, nikamwonyesha pa kushika. Alikikaribia mno, kikapiga mluzi, akakisogeza.

"Siku ya kwanza," akasema, kwa Kigogo, na sauti yake ikajaa ghala lote, "mama huyu hajui kitu. Watu ni wengi, wamemshika huku na huku. Wanamwuliza chumvi iko wapi, anajibu. Mbaya ni wageni wakishaondoka. Anaamka, anasikia kuku wanalia wanataka kufunguliwa. Anakaa. Kuku hawanyamazi. Mwisho anainuka, anawafungulia. Siku hiyo hafanyi kingine. Kesho yake anawafungulia tena, anafagia na uwanja. Iko siku jirani atasema neno, atacheka, ataona aibu, ataziba mdomo. Asizibe. Halafu mvua itanyesha, wenzake wote wako shamba, naye atashika jembe. Mstari wa kwanza utapinda. Wa pili utapinda. Atapanda hivyo hivyo, na mahindi yataota yamepinda, na atayala."

Majina yalikuwa yamekwisha zamani. Kioo kilibaki cha buluu tupu, kikiwaangaza usoni wafugaji waliokuwa wameegemea fimbo zao, na hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja nyuma alivua kofia. Mama Yeremia akawatazama, akaona hana la kuongeza, akanirudishia kipaza sauti.

"Haya," akaniambia, akikaa vizuri kwenye benchi lake. "Weka nyingine."